Gitaa la Mapajani na Kamba ya Ujane

Baba yangu alizaliwa ng'ambo ya mto Yei, katika kijiji ambacho sasa kimerudi kuwa nyasi, na alikuwa mchongaji wa vinubi. Mama yangu alizaliwa Kajo-Keji, kwenye miinuko, na alikuwa mwimbaji wa misiba. Majina yao unayajua, mjukuu wangu. Usiyaandike hapa, maana karatasi hupita mikononi mwa watu wasiotuhusu. Andika tu kwamba mmoja alinipa sikio la kusikiliza mti na mwingine alinipa wimbo, na kwamba mimi sikuwahi kuingia darasani hata kwa kuomba maji.

Andika ninavyosema. Usilainishe. Kiswahili hiki nilikipata ukimbizini, Uganda, kwa mkuu wa kwaya yetu aliyetoka Tanganyika, mtu ambaye hakuvumilia sentensi iliyopinda kama ambavyo hakuvumilia uzi uliolegea. Wewe umekisoma shuleni. Mimi nimekipata kwa kukemewa. Lugha ya mama yangu hukuipata. Hilo si kosa lako, lakini tutalirudia.

Babu yako alipofariki, nilivishwa kamba shingoni. Ni kamba nyembamba ya magome ya mti, iliyopakwa masizi, na wewe uliiona kila siku ukadhani ni pambo la kizee. Katika ukoo wa mama yangu, mjane aliyevaa kamba ile haendi sokoni, haingii nyumba yenye sherehe, hapatani bei ya kitu chochote. Anaruhusiwa kanisani na hospitalini, basi. Kamba hukatwa siku anapomwimbia marehemu wimbo wa kumuaga, na dada wa marehemu akamjibu mstari kwa mstari. Dada asiposikia maneno, hajibu. Asipojibu, kisu hakitoki alani.

Siku ya wimbo ilikuwa imepangwa. Kabla haijafika, kiharusi kilinipiga asubuhi nikiwa ninaosha vyombo. Mguu wa kushoto ukawa gogo. Vidole vya mkono wa kushoto vikajikunja kama makucha ya kuku aliyechinjwa; vinafumba vyote pamoja, lakini kimoja hakimtii mwenzake. Maneno yalirudi baada ya muda, kama unavyosikia. Sauti ya kuimba haikurudi. Nilipofungua kinywa kuimba, kilichotoka kilikuwa kimenyooka kama mstari wa seremala: hakikupanda wala kushuka. Na lugha ya mama yangu, isipopanda na kushuka, haisemi lolote.

Basi nikakaa. Ukuta wa nyumba ya baba yako hapa Munuki, mjini Juba, una vipande vya chupa juu yake, na geti lake ni la bati zito linalofungwa kwa komeo. Kiti changu kiliwekwa chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli tulichojengewa kwa mianzi na turubai, nikitazama geti. Nje yake kuna kituo cha boda boda. Niliwasikia vijana wakigombea abiria, nikasikia wanawake wakienda sokoni na wakirudi, na sikuona hata kisigino cha mmoja wao. Mwili ulinifunga, kamba ilinifunga, ukuta ulinifunga, na ndani yangu kulikuwa na wimbo uliofungwa pia, ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Wanawake wa ukoo wetu waliokuwa wakiujua walibaki ardhini huko tulikopita.

Baba yako alichoka kunitazama.

"Mama, nitamleta mchungaji. Ataomba, atakata kamba, khalas, imekwisha."

"Mchungaji ni dada wa mume wangu?"

"Mama, Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa. Shangazi yako haelewi, na yeye ndiye mwenye kisu."

Kisha akasema jambo ambalo alilisema kwa hasira, lakini lilikuwa na mbegu ndani yake: "Basi kama huwezi kuimba, piga gitaa. Si ulikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya akina mama?"

Nilimwonyesha makucha yangu. Gitaa la kawaida linataka vidole vinne vya kushoto, kila kimoja na kazi yake. Tena, hata kama vidole vingekuwepo, shingo ya gitaa ina vipingo vya chuma kama ngazi: sauti hukanyaga kipingo kimoja, kisha kingine. Maneno ya mama yangu hupita katikati ya ngazi. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na nilipoamka nilikuwa nimemkumbuka mkuu wa kwaya wa ukimbizini. Alikuwa na gitaa lililovunjika vipingo. Alililaza mapajani, akanyanyua nyuzi zake kwa kijiti, akazisugua kwa mpini wa kisu, na gitaa lile lililia, likaomba, likauliza maswali. Sisi akina mama tuliacha kupeta mtama tukamsikiliza. Mkono wake wa kushoto haukufanya chochote ila kushika na kuteleza. Kushika na kuteleza hata makucha yanaweza. Na katika ukoo wetu si jambo geni kinubi kumsemea mtu, mradi dada wa marehemu asikie maneno.

Nikamwambia baba yako: "Nitafutie gitaa la kulaza mapajani. Lisiwe la bei ya mawaziri, na lisiwe takataka."

Muuzaji alikuwa Mganda mwenye duka la vyombo vya muziki kule Hai Amarat, anayeuzia makanisa na hoteli. Kwa kuwa mimi sikuruhusiwa kwenda kwake, yeye alikuja kwangu, magitaa mawili yamefungwa kwa shuka mgongoni mwake kama watoto wagonjwa. Alipiga goti, akaniita jajja, kama Waganda wanavyowaita wazee wao. Nilimpenda kwa goti lile. Kiswahili chake sikukipenda.

"Jajja, hii iko mzuri sana. Na hii ingine iko mzuri kupita hii."

"Kitu kimoja hakiwezi kuwa kizuri na kingine kizuri kukipita bila sababu. Sababu ni nini?"

"Sababu, jajja... hii iko na tumbo, ile hapana tumbo."

La kwanza lilikuwa gitaa la kawaida, lenye tumbo tupu na tundu, ambalo nyuzi zake zilikuwa zimenyanyuliwa shingoni kwa kipande cha chuma ili lipigwe mapajani. La pili lilikuwa ubao mnene wa kahawia, nyuzi juu yake, hakuna tumbo wala tundu, limechubuka pembeni. Nikafanya alichonifundisha baba yangu. Yeye hakukubali mti wowote wa kinubi kabla ya kuugonga kwa kifundo cha kidole. Mti mzima hujibu; mti uliooza hunyamaza. Niligonga lile lenye tumbo, likajibu kwa sauti ya kiume, tulivu, hata wewe ulitabasamu. Niligonga ubao. Ubao ulinyamaza.

"Huu ni ubao wa kukatia nyama," nilisema.

"Jajja, hiyo inaimba na umeme."

"Umeme wa nani? Wa Juba?"

Baba yako alicheka mpaka akashika nguzo ya rakuba. Wewe ndiye uliyepatana bei, kwa kuwa kamba ilinizuia, na unakumbuka tulivyofanya: nilipogonga fimbo chini, ulimwambia ashushe, nilipoiweka mapajani, ulijua nimeridhika. Muuzaji alianza kuitazama fimbo badala ya kukutazama wewe. "Jajja iko anafanya biashara na fimbo," alilalamika. Tukachukua lile lenye tumbo, naye akarudi na ubao wake.

Kwa siku za mwanzo nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo. Nilifunga nyuzi kwa mpangilio wa kinubi cha baba yangu, juu na kwa kukaza, kwa sababu sauti ya mama yangu ilikuwa ya juu. Kisha joto la mchana likafanya kazi yake pamoja na nyuzi zile. Kila nilipofika katikati ya wimbo, sauti zilikuwa zimeshuka. Nilikaza. Zikashuka tena. Nililaumu mkono wangu, kisha masikio yangu. Shangazi wa baba yako alipokuja kutoka Buluk kunisikiliza, nilijua gitaa haliko sawa, lakini alikuwa ameshapanda raksha, yaani bajaji, na ameshalipa, na yeye si mtu wa kurudishwa.

Huyu ni wifi yangu, dada wa babu yako, mwenye kisu. Tumeishi miaka mingi tukiheshimiana na kuchomana. Aliketi, akafunga macho. Nikapiga mstari wa kwanza.

"Wifi," alisema, "ninasikia mbuzi aliyenaswa kwenye seng'enge."

"Sikiliza tena."

Alisikiliza tena. "Sasa amenaswa miguu yote."

"Wifi, huo ni mstari wa kumwita ndugu yako."

"Ndugu yangu hakuwa mbuzi. Malesh, samahani, wifi yangu. Mimi nikikujibu leo nitakuwa nimemdanganya yule aliyelala." Akanywa chai yake yote, akaomba nyingine, akaondoka na kisu chake ndani ya mkoba. Geti likafungwa nyuma yake kwa komeo.

Jioni ikaingia. Nilisikiliza jenereta la jirani likikohoa, nikaitazama kutu ya geti, ambayo kwa wakati ule nilikuwa ninaijua kama mtu anavyojua uso wa adui. Niliwaza kwamba nitazikwa na kamba ile, na wajane wa kule chini wataniuliza nilikuwa ninangoja nini. Mkono wangu ulikuwa umelala juu ya tumbo la gitaa. Ndipo nikahisi. Tumbo lilikuwa limevimba, chini ya pale nyuzi zinapofungwa, kama tumbo la mtoto mwenye ugonjwa wa bandama. Nikainua shingo yake hadi jichoni, kama mtu anayekagua mshale, nikaona imepinda kuelekea juu. Nyuzi za kinubi cha baba yangu zilikuwa za mishipa ya mnyama. Zinavuta kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake. Hizi ni za chuma, zinavuta kama maksai. Tumbo tupu hujibu vizuri linapogongwa kwa sababu ni tupu. Utupu uleule ndio usioweza kuhimili mvuto.

Asubuhi nilisema: "Mwite Mganda. Aje na ubao wa kukatia nyama."

Alikuja na ubao, na akaongeza gitaa lingine la aina ileile, jekundu, linalong'aa, lenye maua yaliyochorwa. Alisema ndilo wateja wa hotelini wanalolipenda. Sasa andika hapa polepole, kwa sababu huenda siku moja ukamchagulia mtu mwingine.

Kwanza niliziangalia shingo zote mbili kwa jicho moja. Zilinyooka. Kisha nilikaza uzi kwa sikio lake, kile kishikio cha pembeni, nikauvuta kwa kidole kwa nguvu, nikausikiliza tena. Jekundu lilirudi nyuma kila mara. Masikio yake yalikuwa laini kama ya mtoto asiyesikia la mkubwa. La kahawia lilibaki pale nilipoliacha. Nikaweka chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi zote, kikalala sawasawa bila kuruka uzi wala kuukandamiza mwingine. Nikapiga uzi mtupu, kisha nikaweka chuma juu ya alama ya katikati ya urefu wake; sauti ilikuwa ileile, ila imepanda orofa. Alama zikidanganya pale katikati, zitadanganya kote. Nikatikisa: hakuna kilicholialia ndani.

Mwisho nilifanya jambo ambalo lilimfanya Mganda aangalie pembeni kwa heshima. Niliegemeza kidevu changu juu ya mbao, nikauma meno, nikapiga uzi bila umeme wowote. Kwenye jekundu mtetemo ulikufa kabla sijapumua. Kwenye la kahawia uliingia taya, ukapanda kwenye mfupa wa sikio, ukakaa, ukakaa, ukaondoka taratibu kama mgeni mwenye adabu. Ubao ule haukuwa umenyamaza siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimeuuliza kwa lugha isiyo yake.

"Jajja amekula gitaa," muuzaji alimnong'oneza baba yako.

"Nimesikia. Chukua jekundu lako uwapelekee wa hotelini. Rangi ile ni ya kupaka midomo."

La kahawia lilikuwa la bei nafuu kuliko jekundu, kwa sababu ya michubuko. Baba yako alishukuru kimoyomoyo, nilimwona. Lile lililovimba tuliwapa watoto wa kanisani, wanalipiga kama ngoma na halijali. Chuma kilichokuja na gitaa kilikuwa cha mviringo na kikanitoka mkononi. Muuzaji akatoa mfukoni kingine chenye mifereji ubavuni, kizito, ambacho vidole vyangu vilivyojikunja vilikishika kana kwamba vilikunjwa kwa ajili yake. Spika ndogo ya betri tuliichaji kwa sola ya jirani.

Nilifanya mazoezi chini ya rakuba mpaka vijana wa boda boda wakamuuliza baba yako kama tunafuga paka mwenye huzuni. Nilianza mapema, kabla jua halijawaka, kwa kuwa hata ubao mzima nyuzi zake huliona joto. Wewe ulikuwa unakaa miguuni pangu na simu yako, ukidhani sikuoni unavyotikisa kichwa.

Wifi alirudi. Safari hii alikuja asubuhi, na alikuja na mdomo wake. "Mbuzi amepona?"

"Kaa chini, wifi."

Nilipiga mstari wa kumwita. Aliinua kichwa. Hakusema neno la mzaha. Akajibu, kwa lugha yetu, kwa sauti yake nyembamba, mstari wa kuitikia ambao sikuwa nimeusikia tangu mazishi ya mama yangu. Nikapiga wa pili, wa kumwambia kwamba nyumba imefagiliwa. Akajibu. Wa tatu ni ule unaolitaja jina lake. Nikateleza juu, nikashuka, nikangoja.

Wifi alitikisa kichwa.

"Huyo uliyemwita simjui," wifi alisema.

"Ni ndugu yako."

"Ndugu yangu jina lake linaishia juu. Huyo wako ameanguka shimoni. Kaza uzi wako, mwanamke."

Ningeweza kumwambia kwamba ni kidogo tu, kwamba kila mtu pale ameelewa. Baba yako alikuwa tayari kusema hivyo. Nilimzuia kwa fimbo. Wifi alikuwa na haki. Jua lilikuwa limeufikia ubao na uzi wa juu ulikuwa umelegea upana wa unywele. Nikakaza. Nikaanza tena kutoka mwanzo, kama inavyotakiwa, na nilipofika kwenye jina nilisukuma chuma mpaka nikasikia mume wangu akiitwa kama mama yake alivyokuwa akimwita akiwa mbali mtoni. Wifi alijibu. Akajibu mstari uliofuata, na uliofuata, na wa mwisho, ule wa kumwambia usigeuke nyuma. Kisha akatoa kisu, akakata kamba. Mikono yake ilikuwa baridi shingoni mwangu. Hakuna aliyepiga vigelegele, kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kuanza, na sauti yangu hiyo nayo haikuwepo.

Baba yako akafungua geti wazi kabisa. "Mama, toka. Uko huru."

Nilitembea na fimbo hadi barabarani. Vijana wa boda boda waliacha kugombana, wakasimama. Soko lilikuwa upande ule. Mguu wangu ulikuwa upande huu. Nilisimama kwenye vumbi, nikatazama visigino vya watu, nikagundua kwamba kamba ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani na mwili ni mkubwa kuliko kamba. Nikarudi kitini. Geti likafungwa, kwa sababu ya wezi.

Wifi alikuwa amebaki akinywa chai. Aliniuliza bila kunitazama: "Nami nikifa, wifi, nani atakujibu? Na wewe ukifa, nani atapiga?" Nilimsogezea sukari, na hatukutaniana tena siku ile.

Sasa sikiliza, kisha uweke kalamu chini.

Chuma chenye mifereji ni chako. Kifunge kwenye kitambaa kikavu, usikiweke pamoja na sarafu. Gitaa usiliegemeze kwenye bati wala kuliacha juani. Nyuzi zikiisha, nunua nyuzi kabla ya kununua nguo. Likiharibika, unajua jinsi ya kuchagua jingine: jicho, masikio yake, alama ya katikati, kisha kidevu. Usidanganywe na tumbo linalojibu haraka.

Kamba usiiweke. Nimeiacha chini ya kiti; ichome leo, na majivu usiyalete ndani.

Maneno ya wimbo hayataandikwa hapa, hata ukiniomba. Yakiandikwa yatalala, nayo hayajui kusoma kama mimi. Jumamosi panda raksha uende Buluk kwa bibi yako mwenye kisu. Mpelekee sukari. Mwambie nimekutuma ujifunze kujibu. Atakucheka kinywa chako, vumilia. Ukirudi utakaa hapa miguuni pangu, simu ukiiacha ndani, nami nitapiga mstari wa kwanza, na nitangoja.